Panya Aliyekula Godoro la Mama

Niliondoka Buyenzi kwenda Rumonge kwa sababu shemeji yangu Shabani alinipigia simu mara tatu kwa juma moja kunitangazia kwamba pikipiki yake sasa inawaka kwa kidole. Yangu huwaka kwa goti, na goti langu la kulia, kama wanavyojua wanafunzi wanaoniona nikipanda ngazi za shule, limeshatumika vya kutosha. Shabani alisema ametia betri ya litiamu, nyepesi kama mkate, na kwamba akimpeleka Mama kupima presha kila Alhamisi hawachelewi tena. Mama huyo ni mama yangu mimi. Anaishi Rumonge kwa dada yangu Mwajuma, mke wa Shabani. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kusafiri: kumsalimu Mama, na kwenda kuona wivu kwa macho yangu.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, safari ya pikipiki ilianza kwa miguu. Betri yangu ya kizamani, ile ya risasi na tindikali, nzito kama dhambi, ilitoa mlio mmoja, tik, ikanyamaza. Nikapiga kiki mpaka goti likaomba radhi. Jirani wawili wakanisukuma mtaa mzima, ikawaka, nikaondoka kwa fahari ya mtu asiyethubutu kuzima. Mafuta nilikuwa nayo. Namna nilivyoyapata ni safari nyingine, ndefu kuliko hii.

Muhuta, yapata saa mbili. Ziwa lilikuwa mkono wangu wa kulia, limetulia, na ndagala, dagaa wa kwetu, zimeanikwa mchangani. Nilipunguza mwendo kuwapisha mbuzi, na pikipiki ikaona hapo ndipo pa kufia. Wavuvi watatu waliokuwa wakishona nyavu wakanijia.

“Amahoro, muzee. Iko nini? Batri?”

“Batri.”

“Utie mayi.”

“Nimeitia.”

“Basi tia ingine.”

Mwambao ule, kila mtu mzima ni daktari wa betri, na wote wana dawa moja. Walinisukuma, ikawaka, nikawashukuru kwa sauti, “Murakoze!”, bila kugeuka, kwa kuwa kugeuka kungenipunguzia mwendo.

Nilifika Rumonge kabla ya adhuhuri. Shabani, ambaye kazi yake ni kuuza mawese, alikuwa ananingoja uani na pikipiki yake imeoshwa kama bibi harusi. Hakunipa hata maji ya kunywa. Alibonyeza kitufe kwa kidole kidogo, akahakikisha nimekiona kidole, na pikipiki ikanguruma palepale.

“Umeona, muramu? Kilima yote ya Bugarama napandaka, haichoke. Na hii haikunywaka mayi!”

“Inakula nini?”

“Haikulaka kitu.”

“Basi umefunga malaika.”

Akaniambia pia kwamba betri ile inaweza kukaa miezi bila kupoteza nguvu. Hapo nilikubali kwamba imetengenezwa kwa ajili ya nchi yetu: betri inayosubiri miezi, na pikipiki inayosubiri mafuta miezi hiyo hiyo. Nilipouliza ameinunua wapi, alisema sokoni, kwa mtu mmoja anayeuza pia viatu. Aliyeifunga ni Shabani mwenyewe, kwa kuwa kazi ya nyaya mbili haihitaji fundi. Sikucheka. Nilikuwa bado nakiangalia kile kidole.

Mama nilimkuta barazani akichambua maharage. Tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto, kisha akaingia kwenye mashitaka yake.

“Yusufu, hii nyumba iko na panya. Imekula matela yangu, kona muzima! Mwajuma ameweka mutego, tumeazima na paka. Panya haionekane.”

Nilikwenda kulitazama godoro. Lilikuwa la kitambaa cha maua ya manjano, na kona moja, upande wa miguu, haikuwepo. Panya wa Rumonge, niliona, hula kwa mstari ulionyooka. Nikamsifu panya huyo, Mama akacheka, tukaacha hapo.

“Lakini pikipiki ya mukwe iko nzuri,” akaongeza. “Kiti yake inanipasha moto mugongo. Nikifika hôpital sisikie tena maumivu.”

Mimi, mwalimu, mtu aliyesoma, nilisikia maneno hayo nikajibu: “Alhamdulillahi.”

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Shabani alirudi kutoka Bugarama alikopeleka mawese tangu alfajiri, na bila kuzima akamwita Mama wapande waende hospitalini. Mama akakaa, akajifunga kanga vizuri, kisha akainuka kidogo.

“Leo iko moto kupita.”

Nilisogea. Palikuwa na harufu tamu, kama rangi ya kucha. Nikamwambia Mama ashuke. Shabani akasema tunachelewa. Nikamwambia azime, afungue kiti.

“Nifungue kwa nini? Iko inatembea bien!”

“Fungua, Shabani.”

Akafungua. Betri ilikuwa imevimba kama andazi lililozidiwa hamira. Pande zote ilikuwa imezungushiwa sponji, na sponji hilo lilikuwa limebadilika rangi kuwa la kahawia, limeanza kunyauka. Juu yake palibaki kipande cha kitambaa cha maua ya manjano.

Niseme kweli: niliogopa, na kejeli yote ilinitoka. Mama alikuwa amekalia kitu kile Alhamisi tano, akishukuru.

Shabani alinyoosha mkono kuchukua msumari. “Tuitoboe, itoe hewa.” Nilimshika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado ninayo. Tukazifungua nyaya, nikang'oa sponji, tukaichota betri kwa beleshi na kuikimbiza nyuma ya nyumba hadi mchangani, kando ya ziwa, mbali na mitungi ya mawese. Tulikuwa hatujafika tena uani ilipoanza kupiga mluzi. Ukatoka moshi mweupe, halafu moto mrefu kuliko Shabani, na Shabani si mfupi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliuangalia moto, akaliangalia sponji mkononi mwangu, akamwangalia mkwewe kwa muda mrefu.

“Kumbe,” akasema, “panya yangu iko na permi.”

Permi ndiyo leseni ya udereva, na nyumbani kwa dada yangu mwenye nayo ni mmoja tu. Shabani aliinamisha kichwa. Hata yule paka wa kuazimwa aliondoka.

Hospitalini Mama alikwenda nyuma yangu, juu ya ile betri yangu mzoga. Aliyetusukuma mpaka ikawaka ni Shabani, peke yake, mchangani, na Mama hakumhurumia hata kwa neno moja. Presha ya Mama ilikuwa nzuri. Ya kwangu sikuthubutu kuipima.

Saa nane mchana tuliikokota pikipiki ya Shabani hadi kwa Fundi Ferdinand, mtu wa Gatete aliyekulia kambini Tanzania na kurudi na Kiswahili chake chote. Alifunga betri nyingine, akawasha, akapima.

“Mwalimu, betri ile mnaionea tu. Chaji ya pikipiki hii imezidi. Betri ya risasi ikizidiwa, maji yanachemka, unaongeza, maisha yanaendelea. Litiamu haina maji ya kuchemka, inavimba. Ya kweli ina kibao cha ulinzi ndani, kinakata umeme mapema. Hiyo ya sokoni sidhani ilikuwa nacho. Halafu ndugu yangu akaivisha godoro.”

“Ilikuwa inacheza-cheza,” Shabani alijitetea. “Iko ndogo kuliko nafasi.”

“Ungeibana kwa mpira mgumu. Sponji linatunza joto, tena linashika moto.”

Nikamuuliza kama angekubali kunifungia mimi litiamu. Alisema atakubali, nikileta ya kweli na chaja yake yenyewe, na baada ya kupima pikipiki yangu kwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kufungua kiti cha pikipiki, lakini walikaribia.

Ijumaa, baada ya swala, nilianza kurudi. Shabani alinisukuma kwa adabu kubwa. Mwajuma alisema mgeni njoo mwenyeji apone, na alimwangalia mumewe aliposema. Muhuta sikuzima, niliwapungia wavuvi, wakanipigia kelele niongeze mayi. Njia nzima nilijilaumu. Mama alikuwa ameniambia kila kitu barazani, panya na joto, nami nikamjibu kwa mzaha na dua. Ningechelewa kidogo tu, leo nisingekuwa na la kuwachekesha.

Jumapili nilimpigia simu. Shabani alikuwa ameshamletea godoro jipya, kona zote nne.

“Unalalaje, Mama?”

“Iko nzuri, mutoto wangu. Lakini mugongo imeanza tena kuniuma. Umwambie Shabani, ile kiti ya moto, anirudishie.”