Tuta Lililozungukwa na Jembe

Katika shamba letu, kando ya njia ya Lusangi, kulikuwa na matuta ambayo jembe halikuyagusa. Ni makaburi ya watu wa kale, wa kale mno hata hakuna aliyewadai: majirani Waislamu walisema hayakuelekezwa kibla, nasi Wakristo tulisema hayana msalaba. Tulilima tukiyazunguka, basi.

Mama, mjane, alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma. Ile ya udongo ilikuwa imechoka, na kila mvua ukuta mmoja ulizidi kuinama. Kwetu tofali zuri hutoka kwenye kichuguu, maana udongo wa mchwa unanata. Mjomba, ndugu yake mama, alichagua kichuguu cha pembeni, akafyatua matofali, akayafunika nyasi yakauke. Tulikuwa tumeanza kukusanya kuni za tanuru alipochimba zaidi akakuta chungu kilichofunikwa, kisha fuvu. Mchwa walikuwa wamejenga juu ya kaburi.

Mjomba alitaka kufukia shimo na kuendelea na kazi. Mama akatandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa matanga.

“Dada, uko unalilia mutu haujue hata jina?” mjomba akamwuliza.

“Jina alikuwa nayo,” mama akajibu. “Ni sisi ndiyo hatujue.”

Majirani walikuja na unga wa muhogo, kama msiba wowote. Katekista aliomba. Jirani Mwislamu naye aliinua mikono, akisema akiba haiozi, na dua ni akiba.

Matanga yalipoondolewa, mama aliamuru matofali yote yarudishwe. Tuliyapanga juu ya kaburi, mvua ikayayeyusha. Nilikasirika, wala sikuficha: nyumba ya mama yangu ilikuwa imeliwa na marehemu asiye na ukoo. Mjomba hakufyatua tena. Alisema mgongo wake si wa chuma.

Mama alifia katika nyumba ileile ya udongo. Tulimzika mjini Kasongo, kwenye makaburi ya misheni. Nyumba, ikikosa mtu wa kuikandika, ilianguka, nyasi zikaota juu yake.

Mwaka huu nilipita huko. Mwanamke anayelima shamba sasa alikuwa amepanda mihogo kila mahali, isipokuwa kwenye yale matuta ya kale na kwenye rundo la nyumba yetu. Jembe lake lilikuwa limelizunguka vizuri.

“Dada, hapa walizika nani?” akaniuliza.

Nilitaka kumwambia kwamba zile ni kuta tu, kwamba anaweza kulima. Nikavua viatu.

“Mama yangu,” nikasema.