Mchumba Wangu Alijua Kwa Nini Tovuti Inakataa, Akanyamaza Nikafukuzwa

Admin, naomba unifiche kabisa, maana wahusika wote wamo humu na mmoja wao hapitwi na posti. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, Mkongomani niliyekulia Nateete, hapa Kampala. Natengeneza programu za mtandaoni, na nilikuwa nimeajiriwa, nasema nilikuwa, na kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo kule Nakivubo. Nina mchumba, nitamwita Elia ingawa si jina lake. Jumamosi ndugu zake wanakuja kwetu kuposa, na mimi hata sura zao sitaki kuziona.

Mimi ndiye niliyeandika tovuti ambayo kina mama wafanyabiashara wanaitumia kuweka nafasi ya mizigo yao kwenye lori la Bukavu. Wengi ni wa kanisa letu, rafiki za mama yangu, na niliwafundisha mmoja mmoja baada ya ibada wabonyeze wapi. Elia tulikuwa naye ofisi moja. Yeye alishika seva ya mbele, ile inayoitwa proksi. Kwa wasioelewa, proksi ni kama askari wa getini: mteja akifika, askari anaingia ndani kuita, halafu anarudi na jibu. Aliyeko ndani ni programu yangu.

Mwezi uliopita wateja wakaanza kulalamika. Wakifungua tovuti wanakuta maandishi ya kosa la proksi, kwamba seva ya ndani haijibu. Ajabu ni kwamba ofisini ilifunguka vizuri kwenye kila kompyuta. Nikazima na kuwasha programu upya, nikaongeza muda wa kusubiri, nikapekua nilichoandika mstari kwa mstari mpaka nikaanza kujichukia. Nikamwuliza Elia, "Kwako kuko sawa?" Akajibu bila kuinua macho, "Kwangu kuko fiti. Angalia yako." Nikamwamini. Nani asingemwamini mtu anayekuja kukuoa?

Lori likaondoka nusu tupu, mizigo ya kina mama ikabaki stoo. Madam, mwenye kampuni, akatuita.

"Nnyabo," akaniambia, yaani bibie kwa Kiganda, "hii kitu inasema ni seva yako haijibu. Mimi sikusoma kompyuta, lakini kusoma najua."

"Madam, nivumilie kidogo, hapa ofisini inafunguka..."

"Kastoma zangu hawakai hapa ofisini!" Akamgeukia Elia. "Na wewe, unaona shida iko wapi?"

Elia akaangalia viatu vyake. "Kwa upande yangu sioni shida, Madam."

Siku hiyo hiyo nikaambiwa nirudishe kompyuta ya ofisi niende nyumbani.

Jumapili mama alitoka kanisani akakaa kwenye mkeka bila kuvua kilemba. Wenzake wa kwaya walikuwa wamemwambia, "Mtoto yako ametuulia biashara." Mama yangu, aliyezunguka kanisa zima akinisifu! Nikamwomba simu yake nione mwenyewe.

"Iko inazunguka tu, kisha inakataa," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Njo vile kwa wote."

Nikaona juu ya kioo alama ndogo ya ufunguo. VPN. Mlio Uganda mnajua: tangu mtandao huu tunaosomea ufungwe kwetu, tuliwasha VPN ili tuupate, na nani ameizima? Hata sasa naandika nayo. VPN inaifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Mama yangu amekaa Nateete, kumbe kwa seva yuko Uholanzi. Ofisini kompyuta hazina VPN, ndiyo maana hatukuona kitu. Nikaizima, tovuti ikafunguka papo hapo. Mama akapiga makofi, "Yesu wangu!" Mimi nikaiwasha tena, ikakataa. Programu yangu haijali mteja yuko nchi gani. Wa kujali hilo ni askari wa getini tu.

Nikamfuata Elia kwake Bugolobi. "Ulifunga simu za nje?"

Akasema, "Madam aliogopa wezi wa mtandao. Nikafanya wa inchi za nje wapelekwe kwa mlango haina mtu."

"Ulijua lini kuwa ndiyo shida?"

"Siku ile ya mkutano. Mbele tuingie kwa Madam."

Jamani. Askari anamwambia mgeni ameita ndani hakuna aliyejibu, na wala hakuita! Nilimtukana matusi ambayo Admin hutayaweka hapa. Yeye akashika mkono wangu. "Ningesema, ningefukuzwa mimi, na posa iko karibu. Mwanaume bila kazi atakuja kwenu na sura gani? Nyamaza, mpenzi. Tukishaoana yangu ni yako."

Kesho yake alifungua alichokuwa amefunga. Madam akamsifu kwa kutengeneza nilichoharibu, na akampa kazi yangu aishike pamoja na yake. Alinipigia kunipa habari hiyo kwa furaha, kana kwamba ni zawadi yetu sote.

Mama hajui lolote. Amegawa kitenge cha sare ya posa kwa wale wale kina mama waliomnunia, nao wamekipokea na wanashona, kwa sababu Elia "ametuokoa". Mama ananiambia nishukuru kwamba Elia bado ananitaka. Nikisema ukweli, jina langu litasafishika, lakini mama ataaibika mbele ya kwaya nzima kwa mara ya pili, na safari hii ni mimi nitakayemwaibisha. Nikinyamaza, nitabaki kuwa yule aliyeharibu, na nitalala kila siku kando ya mtu anayejua kuwa sikuharibu.

Kwetu binti huitwa sebuleni kabla posa haijapokelewa. Jumamosi mjomba ataniuliza mbele ya wote kama wapokee. Mama atakuwa amevaa kitenge chake kipya, ananitazama. Elia naye atakuwa pale, anaangalia viatu vyake. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu mjomba nini?