Nilipanda darini mwenyewe, mkwe akiuliza kutoka sitting room

Wakuu, ni huu mwaka wetu wa viazi vitamu: asubuhi na chai, mchana na maharagwe, jioni vyenyewe tu. Mimi ni nyanya, nyinyi ndio mngenisalimia kwanza, lakini leo nimewasamehe. Sidanganyi hata kidogo.

Mjukuu wangu Neema anaposwa. Urembo alitoa kwangu, msibishane.

Sasa wageni wakija hapa Misikhu wataenea wapi? Nikasema ukuta kati ya sitting room na stoo utoke.

Nikaita Baba Neema, mkwe wangu, fundi wa kujenga nyumba huko Kitale. Akaja na binti yangu Nasimiyu. Akagonga ukuta na kidole. "Mama, huu ni wa kugawanya tu."

Akapiga nyundo. Plasta ikaanguka. Akapiga tena.

Dari ikalia kwaaa!

Wakuu, sote tulijipata nje. Nasimiyu na kiatu kimoja.

Baba Neema akasema lazima mtu aangalie mbao za paa. Shida, kitundu cha kupanda darini kiko chumbani kwangu, juu ya kitanda. Na kwetu Wabukusu mkwe haingii chumba cha mama mkwe.

Nasimiyu akatazama kitundu. "Mama, mimi hapo nitaning'inia kama nyama ya butchery."

Basi nikapanda mimi. Stuli juu ya kitanda, simu mdomoni, tochi inawaka. Panya walinikimbia, wakuu! Nilicheka mpaka stuli ikatetemeka.

Baba Neema akaita kutoka sitting room, "Mama, mbao zinapita juu ya ukuta, ama zimekatiwa hapo?"

Nikatoa simu mdomoni. "Zimekatiwa! Za huku na za huko zimelala juu ya ukuta kama walevi wawili!"

Nikasikia akiweka nyundo chini. "Mama, shuka pole pole. Huo ndio umebeba paa."

Hapo nikakumbuka. Stoo tuliongeza baadaye na marehemu mume wangu. Huo ukuta ulikuwa wa nje!

Kwa hivyo wakuu, kugonga na kidole si kupima. Angalieni mbao za paa zimekaa wapi. Na kama nyumba iliongezwa, ulizeni ukuta gani ulikuwa wa nje.

Baba Neema anasema anaweza kuweka beam ibebe paa, ukuta utoke, lakini lazima apande apime mwenyewe. Kutoboa dari ya sitting room nimekataa, ni mpya. Kitanda nacho marehemu alikipigilia humo humo ndani, hakipiti mlangoni.

Mwenye akili nyingine aandike hapa chini. Lakini msiniambie mkwe aingie amefunga macho. Nasimiyu alishajaribu hiyo, nikamwambia, "Mkwe wangu haoni kitanda changu."

Leo Nasimiyu amepiga simu tena kutoka Kitale. "Mama, tutakifunika na turubai. Wageni watakaa wapi sasa?"

"Watabanana. Mkwe wangu haoni kitanda changu."