Kidole cha Thelathini

Mwalimu wetu wa hesabu hakuamini vikokotoo. Saini za pembe alizisoma mkononi: aliunyoosha mkono wa kushoto, kidole gumba kikawa nyuzi tisini, kile kidogo sufuri, chaki imemrukia mpaka kwenye nyusi. "Thelathini? Kunjeni kidole cha pete. Chini yake kimebaki kimoja. Tafuteni kipeuo chake cha pili, mgawanye kwa mbili. Haya, ngapi?" Siku aliyorudi kutoka likizo alisema, "Kunjeni hiki cha pili kutoka mwisho." Mropokaji wetu akadakia, "Kwani si cha pete, Mwalimu?" Mwalimu akakitazama kidole chake, pale palipobaki alama iliyopauka. Akakikunja polepole. "Haya, inabaki ngapi?" Tukaitikia kwa shangwe, kama siku zote, "Nusuuu!" "Mmepata," akasema, akautia mkono mfukoni.