Kamera za Kanisa na Wadudu wa Ziwani

Mungu amenijalia umri wa kuona watu wakikabidhi akili zao kwa vitu vingi, lakini sijaona waliozikabidhi kwa furaha kama baraza letu la kanisa hapa Nyegezi, kando ya ziwa, siku zilipowekwa kamera za ulinzi.

Mwenyekiti wa ulinzi amesoma, wala haachi mtu asahau. Alitueleza kwamba kamera zina taa zake zenyewe. Giza likiingia zinawaka na kuona sura ya mtu kuanzia getini. Mlinzi wetu, mzee wa Kijita aliyezaliwa ufukweni, anayelinda kanisa hilo tangu halijaezekwa bati, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, msimu wa wadudu taa ya nje huwa naizima. Hizo nitazizimaje?"

"Zinajiwasha na kujizima zenyewe."

"Na wadudu wameambiwa?"

Wakamcheka. Hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, kila nyumba inazima taa na kufunga madirisha, la sivyo asubuhi unawazoa kwa koleo. Waliocheka walikuwa wakizima za kwao kila msimu. Nami nilijua, nikanyamaza. Mungu anisamehe.

Mwezi haukuisha, spika mbili za kwaya zikaibwa. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyetupigia simu alfajiri. Jumamosi mwenyekiti akatukusanya ofisini mbele ya runinga, tuwaone wezi. Tuliona weupe unaotokota kama uji. Mlango hauonekani, geti halionekani.

"Mlinzi ameifunika kamera kwa kitambaa awapishe wenzake," mwenyekiti akasema. Mfukoni alikuwa na tangazo tayari: mlinzi amefukuzwa kwa kushirikiana na wezi. Lilikuwa la kusomwa kesho yake baada ya ibada, mbele ya mke wa mlinzi, anayeimba katika kwaya hiyohiyo.

"Kitambaa gani kinatokota?" nikauliza.

"Mzee, hii ni teknolojia. Picha haidanganyi."

"Haijasema kitu bado. Leteni ngazi."

Mwenyekiti alipanda mwenyewe na viatu vyake vya kung'aa, maana hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse kifaa chake. Alipofika juu akaisogelea kamera uso kwa uso. Buibui alikuwa ametanda utando juu ya kioo chote, na wadudu waliokufa wamejaa humo kama majani ya chai kwenye chujio. Yule buibui hakuhudhuria kikao chetu hata kimoja, lakini aliona taa akajua chakula kitakuja.

Mwenyekiti alishuka na utando kwenye nyusi. Hakuna aliyemwambia. Tukamwita mlinzi.

"Mzee, baraza limekusamehe," mwenyekiti akasema. "Rudi kazini."

"Mmenisamehe kosa gani?"

Katibu akaanza kukohoa.

"Kama ninalo, lisomwe kesho mke wangu alisikie," mlinzi akasema. "Kama sina, na hilo lisomwe. Habari za karatasi yenu zimeshafika nyumbani kwangu."

Mwenyekiti akaona afadhali tangazo litaje wizi tu, kwa ajili ya amani. Nimeishi miaka mingi kanisani, na nimeona neno amani likitumiwa kufunika uoga mwingi. Nikamwomba ile karatasi, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake.

Kesho yake niliisoma mwenyewe, polepole: kwamba tulimtuhumu mtu kabla ya kutazama, kwamba alituonya, baraza likamcheka, kwamba mimi nilijua na sikusema. Mwenyekiti aliinamia simu yake. Nilipomaliza niliangalia upande wa kwaya. Mke wa mlinzi hakuniangalia. Alifungua kitabu chake, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo kabla mwalimu wa kwaya hajainua mkono.