Simu Iliyotusomea Mabango

Asubuhi ile ya mwisho tulikunywa chai kama kawaida. Mke wangu alikuwa haoni tangu utotoni. Simu ilikuwa ikimsomea habari, mbio mbio, na yeye akacheka peke yake. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Kunywa chai, mzee, inapoa." Mchana moyo wake ukasimama.

Alikuwa mpokea simu hospitalini, na huko ndiko alikojifunza lugha ya wageni. Simu yake mwenyewe tuliiita Mdaku, maana haikuwa na siri. Ukiielekeza kwenye maandishi na kugusa kioo mara mbili, inayapiga picha na kuyatamka. Mimi nalenga, yeye anasikiliza. Mimi kusoma kwangu ni kwa kukokota, na lugha ya kigeni siijui hata ya kuombea maji.

Nje ya nchi tulisafiri mara moja tu. Binti yetu alikuwa huko, anafanyiwa upasuaji kesho yake, hana mtu. Tulibadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa, tukapotea. Nikaona bango ukutani.

"Kuna maandishi mekundu," nikamwambia.

"Basi lenga, mzee, unangoja nini?"

Nikalenga. Kabla Mdaku hajatamka neno, askari akanipokonya simu.

Wakasemezana na mke wangu, naye akawa ananitafsiria kwa kifupi. "Anasema tumepiga picha pasiporuhusiwa. Anataka kuziona."

Kioo kilikuwa cheusi tii. Mke wangu alikizima siku zote, simu ikabaki kusema tu; asiyeona mwanga wa nini? Askari akagusa, Mdaku akapiga kelele za maneno mbio mbio. Akagusa tena, kelele. Uso ukamwiva.

"Anadhani tunaficha kitu. Nimemwomba nimfungulie, anasema nitazifuta."

Spika ikatangaza jambo. Nikaona vidole vya mke wangu vinakaza kwenye fimbo.

"Ndege yetu hiyo. Wanafunga mlango."

"Mwambie basi!"

"Nyamaza, nifikiri."

Kisha akamwelekeza askari, polepole, kama anayempa mgonjwa dawa: aielekeze simu palepale ukutani, aguse kioo mara mbili. Askari akafanya shingo upande. Mdaku akalisoma bango, ukumbi mzima ukasikia. Watu wakageuka. Mke wangu akacheka mpaka machozi.

"Limeandikwa marufuku kupiga picha!"

Askari naye akashindwa kujizuia. Akamrudishia simu, akamshika mkono, tukakimbia wote watatu, mimi na mabegi nyuma nahema. Mhudumu wa ndege alikuwa ameshaukamata mlango aufunge. Askari akamfokea, naye mhudumu akauachia.

Hapo askari akaninyooshea kidole, akauliza kitu. Kumbe alitaka kujua kwa nini mimi mwenye macho sikumsomea mke wangu bango. Mke wangu akamjibu bila kusimama, na tulipokwisha kukaa akanirudia maneno yake kwa lugha yetu:

"Kuona anaona yeye, kusoma nasoma mimi. Tupishe sasa, mwanetu anatungoja."