Fadhila Hataki Kaseti Isafishwe

Wifi yangu Fadhila ana miaka sitini na miwili, goti lake moja halikunjiki vizuri, na kazi yake ni kusokota pamba ya kalafati. Mafundi wa mashua huilowesha pamba hiyo kwa sifa, yale mafuta ya papa, kisha huipigilia baina ya mbao ili maji yasiingie chomboni. Alizaliwa kisiwa cha Koyama, akaolewa kisiwa cha Kudhaa, akaachwa, vita vikamtupa kambini Mombasa miaka saba, kisha akarudi. Sasa tunakaa nyumba moja hapa Kismayo, mimi mjane, na yeye hana mume wala hamtaki.

Watu wanasema uzee umemfanya mkaidi. Mimi namjua tangu msichana, na nasema uzee hauna kosa lolote hapo.

Kitu anachokipenda duniani, baada ya dini yake na ndugu zake, ni kaseti za Mkizi. Wa rika letu hawana haja ya kuelezwa, lakini vijana huuliza. Mkizi walikuwa wanaume wanne wa hapa mjini, miaka ya kabla ya vita. Bendi nyingine zilivaa suti na kupiga polepole, watu wakala pilau wakizisikiliza. Mkizi walikuwa na magitaa yanayonguruma, na mpiga ngoma wao, Hussni, alikuwa baharia aliyerudi na kaseti za roki za Wazungu kutoka melini. Wakaimba Kibajuni, lugha yetu ya visiwani, wakati kila aliyetaka kusikika aliimba Kisomali. Wazee wakasema ni kelele tupu. Kuna harusi mbili waliambiwa wazime kabla ya wimbo wa tatu.

Lakini waliowapenda waliwapenda kwelikweli. Kaseti zilikuwa tatu: Maji Mafu, Ngozi ya Papa, na ya mwisho, Hatuhami. Mpaka leo wapenzi wao wanagombana ipi ni bora. Wa Kudhaa wanasema Ngozi ya Papa. Fadhila akisikia hivyo huinuka na kuondoka.

Mimi kaseti si zangu. Nina Qur'ani yangu na nyiradi zangu, zanitosha. Ila sijapata kumwambia azime, maana adhana ikianza huzima mwenyewe, hata wimbo uwe umefika pazuri. Na miaka ile muziki ulipokatazwa, watu wakawa wanaingia majumbani kupekua, yeye aliificha Hatuhami ndani ya gunia la pamba yake. Walitia mkono, wakanusa sifa, wakautoa mkono mbio. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, na sijui hata sasa nilikuwa naiombea kaseti au namuombea yeye.

Mwaka huu wapenzi wa Mkizi wakafungua kundi la WhatsApp. Wako Mombasa, wako Nairobi, wako Omani, wako Ras Kamboni. Ikaonekana kaseti mbili za mwanzo watu wanazo, ya tatu hakuna aliyebaki nayo ila Fadhila. Wakamuomba aitoe iingizwe kwenye simu, kila mtu apate. Akakubali. Akaipeleka kwa Abdirahman, kijana mwenye duka la kutengeneza simu karibu na soko, mtu mwenye adabu zake, mama yake ni wa Ras Kamboni.

Ijumaa, baada ya sala, tulikwenda kuisikiliza kabla haijatumwa.

"Bi Fadhila, karibu, kaa hapa penye feni," akasema Abdirahman. "Leo utanipa dua."

"Dua nitakupa nikishasikia."

Akabonyeza. Ikatoka sauti laini, kila kitu mahali pake, gitaa kama kinanda. Fadhila akasikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza.

"Nani hawa?" akauliza.

"Ndio Mkizi hao."

"Hawa si Mkizi. Hawa ni watu wa kupiga hotelini."

Mteja aliyekuwa anangojea simu yake akacheka. Abdirahman hakucheka. "Bi Fadhila, kaseti imezeeka. Ilikuwa na mkwaruzo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimekaa siku tatu kwenye kompyuta nikautoa wote."

"Wote?"

"Wote, alhamdulillahi."

"Basi umetoa gitaa."

Kijana wa watu akanitazama mimi, kama nitamsaidia. Nikamwambia akae, aelezwe.

Ilikuwa hivi. Mkizi waliitwa kupiga harusi Koyama, na walipokuwa wanashuka mashuani spika ya gitaa ikaanguka, karatasi yake ikapasuka. Harusi ni kesho yake, duka la spika halipo kisiwani. Kaka yake Fadhila, Shuaibu, ambaye ndiye aliyekuwa mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua, na fundi wa mashua akiona ufa anajua dawa moja tu. Akachukua pamba aliyoisokota dada yake, akaichovya kwenye sifa, akaukalafati ule ufa. Kesho yake gitaa likatoka linanguruma kama mtu aliyekataa kuondolewa. Wenyewe Mkizi walikasirika nyimbo mbili nzima. Wimbo wa tatu Hussni akasema liacheni hivyo hivyo. Baadaye fundi wa mjini alitaka kuwatilia spika mpya, wakakataa. Ngozi ya Papa na Hatuhami zote zilipigwa kwa spika ile.

"Mimi sikujua," Abdirahman akasema.

"Hukuuliza," akasema Fadhila. "Kaseti ni yangu, namba yangu unayo, ungeuliza."

"Lakini Bi Fadhila, nimeshatuma kipande jana usiku. Watu wamesifu. Tazama." Akasoma. Zakiya, aliyezaliwa ukimbizini na sasa yuko Nairobi, alikuwa ameandika: Mashallah, sasa naweza kuwapigia wanangu bila kuona haya.

Fadhila akatoa simu yake mwenyewe, akaisogeza mdomoni, akabonyeza kurekodi.

"Zakiya mwanangu, mimi Fadhila wa Koyama. Nimesikia umeona haya. Nataka unambie haya ya nini. Tuliambiwa lugha yetu si lugha. Tukaambiwa visiwa si vyetu, tuhame. Tukaambiwa muziki huu ni kelele. Waliosema hivyo walikuwa watu wengine, mwanangu, nikawavumilia. Sasa tumeanza kujisafisha wenyewe kabla hawajaja? Kaseti hii haitoki hivi. Ama itoke inanguruma ama nirudishiwe nirudi nayo kwenye gunia langu."

Akaachia kidole, sauti ikaenda kundini.

Tukangoja. Kwanza likaja jibu la Hussni mwenyewe kutoka Mombasa, sauti imekuwa ya mzee, inakohoa: "Huyo ndiye mchu, mtu hasa! Mwacheni aseme." Kisha Husseini wa Kudhaa akaandika: Leo tu niko pamoja na Fadhila. Kesho tunarudi kugombana. Wengine wakamuunga mkono Zakiya, wakasema ya sasa ni tamu zaidi, kwa nini kuirudisha nyuma. Zakiya mwenyewe akauliza, kwa adabu, kwani zikiwepo zote mbili kuna ubaya gani?

"Upo," Fadhila akamjibu. "Watu watachukua ile laini, na hii yetu itakufa mara ya pili."

Akamgeukia Abdirahman. "Turudishie ya mwanzo."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Alikuwa amesafisha juu ya nakala ileile ya kwenye kompyuta, hakubakisha ya mwanzo. Ingebidi kaseti ipigwe tena, na utepe wake ulikuwa umechoka. "Mara ile nilipoipiga ilikuwa inalia, walaal, ndugu yangu, naapa. Nikiipiga tena yaweza kukatika. Hii niliyoisafisha walau ni nzima."

"Na ikatike," akasema Fadhila. "Ikatike ikiimba yenyewe."

Nilimvuta buibui kidogo. "Wifi, fikiri. Ndiyo pekee iliyobaki."

"Nimefikiri miaka thelathini na kitu, mamangu."

Abdirahman akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akaitia kaseti taratibu kama anayelaza mtoto, akaiunga redio na kompyuta irekodi, akabonyeza. Ikanguruma. Wallahi hata meza ilitetemeka. Wapita njia wakageuza shingo, na mwanamume mmoja akachungulia mlangoni: "Nyie! Zimeni, spika yenu imeungua!"

"Haikuungua!" Fadhila akampigia kelele. "Imekalafatiwa!"

Upande wa kwanza ukapita salama. Upande wa pili ukapita wimbo kwa wimbo, Abdirahman ameshika ukingo wa meza, Fadhila midomo inamtembea na maneno. Ukafika wimbo wa mwisho, wenyewe Hatuhami, ukapiga nusu. Kisha pakasikika kama kitambaa kinararuliwa, na kimya.

Alipoitoa, utepe ulikuwa umekatika na kujikunja kama nywele. Fadhila akaupokea, akaunyoosha kwa vidole vyake vya kusokota pamba, kidogo kidogo, mpaka akaona pale palipoliwa haparudi. Jicho lilimjaa. Hakulifuta.

"Nisikilize, Bi Fadhila," Abdirahman akasema polepole. "Nusu iliyobaki ninayo katika ile laini. Nitaishona hapa hapa. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Lakini wimbo utakatika katikati!"

"Si umekatika katikati? Aulizaye ataambiwa. Tulinyamazishwa, tukapekuliwa, tukakimbizwa, kikabaki hiki. Hiki ndicho wanachopewa."

Abdirahman akainamia kompyuta yake akaandaa. Nilikuwa nimekaa karibu nikaona anaandika maneno ya kutangulia, na kwa kuwa Fadhila haoni vya karibu, akaniambia nimsomee. Nikasoma: Ndugu wapenzi, hii ni Hatuhami. Samahanini kwa ubovu wa sauti na kwa wimbo wa mwisho usiokamilika.

"Samahani ya nani?" akauliza Fadhila.

"Ni adabu tu, Bi Fadhila. Watu husema hivyo."

"Nimewakosea nini? Futa."

"Hata ule wimbo uliokatika?"

"Futa yote. Acha jina."

Abdirahman akafuta neno moja moja, nami nikaangalia mpaka likabaki lile moja: Hatuhami. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akabonyeza. Fadhila akajiinua kwa mkono wangu, goti lake likilia, akaomba maji ya kutawadhia, kwani alasiri ilikuwa imekaribia.